Bangili za Mama, na Nilichojifunza kwa Wakimbiaji Walioanguka

  Leo sina mapishi wala mambo ya ngozi. Nina jambo nililolibeba miezi mingi, na nimeona nilitue hapa, huenda kuna mwenzangu amebeba la aina hiyo.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Unguja, nimezaliwa na kukulia Jang'ombe, nikaolewa na kumfuata mume Chunya, mkoa wa Mbeya. Mume wangu ni fundi wa pampu na makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Ukitoka Mbeya mjini unapanda mlima mpaka masikio yanaziba na baridi inaingia kwenye mifupa, halafu unateremka upande wa pili, joto linakupokea na vumbi linakukaribisha. Watu wa huku wameishi kwa dhahabu tangu enzi za Mwingereza. Miaka ya 1930 walimiminika machimbo ya Lupa kutoka kila upande, na mpaka leo bado wanamiminika.

Siku naondoka nyumbani, mama alinivua kando akanipa bangili mbili za dhahabu. Alizivaa tangu harusi yake. Akaniambia, "Mwanangu, hizi si za kuvaa. Hizi ni za siku utakayotaka kusimama kwa miguu yako." Nilikaa nazo mwaka mzima. Halafu nikaja Unguja likizo, nikazipeleka kwa sonara Darajani, akazipima, akanihesabia pesa. Cheka ukitaka: niliuza dhahabu ili nikatafute pesa kwenye mji wa dhahabu.

Nilifungua mgahawa njia ya kwenda Makongolosi. Wiki ya kwanza nikapika urojo, kwa fahari zote za kwetu. Kijana mmoja aliyetoka shimoni, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akachungulia bakuli akaniuliza, "Mama, huu uji wa ndimu mtu anashibaje?" Nikajifunza upesi. Nikapika ugali wa kushiba, maharage, nyama, na Ijumaa pilau. Watu wakajaa.

Tatizo la wachimbaji ni kwamba pesa yao iko chini ya ardhi. Leo hana, kesho hana, keshokutwa duara likitema anakuwa tajiri wa wiki moja. Kwa hiyo wanakula kwa daftari. Na mimi, nikiona wengine wanavyokopesha, nikakopesha. Kikundi kimoja cha watu kumi na mmoja kilikula kwangu miezi miwili. Machi 2025 mvua ikazidi, maji yakajaa kwenye duara lao. Tukasikia kuna rashi mpya mbali huko, mawe yanatoka. Asubuhi moja nikafungua mgahawa, nikapika kilo nane za unga, hakuna aliyekuja. Walikuwa wameondoka usiku. Nikajumlisha daftari: shilingi 1,840,000. Mwenye nyumba alikuwa anadai kodi, muuza mkaa anadai, muuza nyama anadai. Mwezi wa nne ukaingia nikafunga mlango.

Lakini kufunga mlango hakukuniumiza kama lililofuata. Siku ya Idi mama alinipigia simu. Baada ya salamu na kuulizana habari za nguo za watoto, akauliza, "Na biashara vipi?" Nikamwambia, "Inakwenda vizuri mama, alhamdulillah." Siku ya Idi, dada zangu. Na kuanzia siku ile, kila simu nikaongeza uwongo mdogo juu ya ule mkubwa. Mara nimeongeza meza, mara nimepata msichana wa kunisaidia. Ikafika nikiona jina lake kwenye simu nageuza simu kifudifudi.

Mchana nilikuwa nikikaa ndani na dirisha nimelifunga, jua lote la Chunya nje. Nikitaka kwenda sokoni nazunguka nyuma ya nyumba nisipite mbele ya mgahawa. Jirani yangu, mama mmoja wa Kisafwa mwenye maneno machache, ndiye aliyenitoa. Alikuja akaniambia, "Dada, baraza langu liko wazi asubuhi. Leta karai lako." Nikaanza kukaanga maandazi kwenye baraza lake, ya kuuza kwa pesa mkononi, si zaidi.

Asubuhi ya Simbu

Septemba 15, 2025, siku ya Jumatatu, nilikuwa kwenye karai. Vijana wakawa wamekusanyika kwenye simu moja wanapiga kelele, nikadhani ni mpira. Walikuwa wanaangalia marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Tokyo, iliyokimbiwa sisi huku tumelala. Mtanzania wetu Alphonce Simbu ameshinda.

Nikafuta mikono nikaomba nione. Wameingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele. Simbu yuko nyuma yake, nikasema moyoni basi, ya pili hiyo. Hatua za mwisho kabisa Simbu anakuja, Petros anajirusha mbele, wanavuka pamoja. Wote wawili saa 2:09:48. Ilibidi waamuzi waangalie picha, na tofauti ikaonekana ni sehemu tatu za mia za sekunde. Nishani ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo.

Vijana wakashangilia kama wamekimbia wao. Mmoja akasema, "Huyu ana bahati." Mzee aliyekuwa anakula maandazi pembeni akamjibu taratibu, "Bahati gani? Huyu yuko barabarani tangu Rio."

Lile neno lilinishika. Usiku, nikisubiri unga uumuke, nikaanza kusoma habari zake kwenye simu. Rio 2016, wa tano. London 2017, nishani ya shaba ya dunia. Olimpiki ya Tokyo iliyokimbiwa 2021, wa saba. Michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022, fedha. Olimpiki ya Paris 2024, wa kumi na saba. Fikiria hapo. Umekuwa wa tatu wa dunia, miaka saba baadaye unakuwa wa kumi na saba. Ningekuwa mimi ningeshageuza simu kifudifudi. Yeye Aprili 2025 akaenda Boston akawa wa pili, na Septemba akawa bingwa wa dunia.

Basi nikawa na ugonjwa mpya. Kila usiku nikisubiri unga, nasoma habari za wakimbiaji, hasa walipoanguka. Za kushinda zilinipendeza, lakini hazikunisaidia kitu. Nilitaka kujua mtu anafanya nini asubuhi ya baada ya kuanguka.

Aliyeanguka mbele ya watu wa kwao

Wa kwanza aliyenigusa ni Joshua Cheptegei wa Uganda. Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kampala, uwanja wa Kololo. Kijana wa nyumbani, umati wa nyumbani, joto kali. Akakimbia mbele peke yake, watu wamepagawa. Mzunguko wa mwisho miguu ikamkatika. Akaanza kuyumba kama mtu aliyelewa, Mkenya Geoffrey Kamworor akampita, kisha mwingine, kisha mwingine. Alimaliza wa thelathini.

Nikajiuliza kwa nini habari yake inaniuma hivi. Nikaona: si kushindwa kwenyewe, ni kushindwa mbele ya wanaokujua. Mtu akianguka ugenini anajipangusa vumbi. Akianguka kwao, kila anayempa pole anamkumbusha.

Sasa angalia alichofanya. Hakusema uwanja mbaya wala watu walimroga. Alikuwa ametumia nguvu mapema mno kwenye joto lile, na hilo linarekebishika. Miezi mitano baadaye, Agosti 2017, akapata fedha ya mita 10,000 London. Mwaka 2019 akarudi kwenye mbio zilezile za nyika, safari hii Aarhus, Denmark, akashinda. Mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000. Paris 2024 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000.

Hapo ndipo nilipochukua daftari langu la madeni nikalisoma kwa mara ya kwanza tangu nifunge. Mpaka siku hiyo hadithi yangu ilikuwa moja: nimeibiwa. Ni kweli, wale watu kumi na mmoja walinidhulumu na hesabu yao iko kwa Mola. Lakini daftari lilikuwa na hadithi ya pili. Nilianza kukopesha wiki ya tatu, kabla mtaji haujarudi hata robo. Sikuweka kikomo. Nilikuwa napenda kuitwa "Mama yetu." Na mimi nilikimbia mbele mapema mno kwenye joto. Kuumia kwa kosa la mwenzako kunakupa hasira tu. Ukiona na la kwako, unapata na kitu cha kurekebisha.

Mzee Akhwari na goti lake

Wengi wetu tumesikia jina la John Stephen Akhwari, lakini nadhani hatujakaa nalo. Oktoba 20, 1968, marathoni ya Olimpiki, Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Misuli ikambana kwa ule mwinuko. Njiani wakagongana wakimbiaji, akaanguka, goti likateguka, bega likaumia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye wa mwisho. Mwethiopia Mamo Wolde alishashinda zaidi ya saa nzima nyuma. Giza limeingia, watu wengi wameshaondoka, akaingia uwanjani mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali azimalize.

Habari hii huwa tunaisimulia kama ya ushujaa, na ndivyo ilivyo. Mimi niliisoma nikaona aibu. Si aibu yake, yangu. Yeye alikubali kuonekana. Aliingia uwanjani akijua ni wa mwisho, mguu haufai, waliobaki wanamwangalia. Mimi nilikuwa napita nyuma ya nyumba.

Na kuna kipande ambacho watu hawakimalizii. Miaka miwili baadaye, 1970, Akhwari alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh, akawa wa tano. Goti lilipona akaendelea na kazi. Jioni ile ya Mexico haikuwa maisha yake yote.

Je, kila mbio lazima zimalizwe?

Hapa dada zangu nilikwama. Kama somo ni kumaliza, basi je, nikope pesa nifungue mgahawa uleule? Huku Chunya tunao watu waliomaliza namna hiyo. Mtu ameuza shamba, ameuza ng'ombe, ameuza bati la nyumba, anachimba duara lisilo na kitu kwa sababu ameshachimba mita nyingi mno kuliacha. Huo nao wanauita moyo.

Jibu nililipata kwa Eliud Kipchoge. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akiwa kijana mdogo. Mwaka 2012 alishindwa hata kuingia timu ya Kenya ya kwenda Olimpiki ya London. Hakung'ang'ania uwanjani. Mwaka 2013 akahamia marathoni, akashinda ya kwanza aliyokimbia, Hamburg. Yaliyofuata mnayajua, dhahabu za Olimpiki za 2016 na ile ya Tokyo. Na huyo huyo Kipchoge, Paris 2024, mgongo ukamuuma, baada ya kilomita 30 akaacha mbio kabisa. Bingwa mara mbili akatoka pembeni.

Akhwari hakuacha, Kipchoge aliacha. Nani alikosea? Nimelifikiria hili usiku mwingi na karai mbele yangu, na nionavyo mimi hakuna aliyekosea. Kinachotakiwa ni kujua mbio zako ni zipi. Mgahawa haukuwa mbio zangu. Ulikuwa njia tu, na njia ikifungwa mtu anapita nyingine. Mbio zangu zilikuwa amana ya mama. Alinipa vitu viwili: dhahabu na kuniamini. Dhahabu ilikwenda kwa mvua na daftari. Kuniamini nilikuwa nakula mwenyewe, kipande kila simu. Hizo ndizo mbio nilizotakiwa kuzimaliza, hata kwa kuchechemea.

Faith, mama mwenzetu

Nisingefika kwenye simu ile bila mwanamke mmoja. Faith Kipyegon alishinda Olimpiki ya mita 1,500 Rio 2016. Juni 2018 akajifungua binti. Sisi tuliozaa tunajua mwili unavyobaki. Mwaka 2019 alirudi uwanjani, Doha akapata fedha, Tokyo dhahabu tena, na Paris 2024 ya tatu mfululizo.

Lakini lililonikaa ni la Juni 26, 2025. Alitangaza mbele ya dunia nzima kwamba atajaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya. Wakamwekea wakimbiaji wa kumkinga upepo, viatu na nguo maalumu, kamera zote Paris. Alitumia dakika 4 na sekunde 6 na kidogo. Hakufika. Siku tisa baadaye, Julai 5, yuko Eugene, Marekani, akakimbia mita 1,500 kwa 3:48.68. Rekodi mpya ya dunia, akivunja ya kwake mwenyewe.

Najua kuna atakayesema, wale wana makocha, madaktari na wadhamini, mimi nina karai na watoto watatu. Ni kweli, tusidanganyane. Siku tisa zake zinaweza kuwa miezi tisa yangu. Lakini angalia kitu kimoja: alisema hadharani anachokitaka, akakikosa hadharani, na kesho yake bado alikuwa Faith. Kukosa hakukumgeuza mtu mwingine. Mimi nilidhani mama akijua nimeanguka sitakuwa tena mtoto wake wa kutegemewa.

Simu

Nilipiga siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Nilijipanga kuzunguka zunguka kwanza, lakini alipoitikia tu nikasema, "Mama, mgahawa umekufa tangu mwezi wa nne. Bangili zako zimekwenda. Nimekuongopea." Nikanyamaza. Nikamsikia anavuta pumzi, na nyuma yake jogoo na redio kama kawaida ya kwetu.

Akasema, "Bangili nilishazitoa mkononi mwangu siku ile. Wewe ndiye uliyekaa umezivaa miezi yote hii."

Nikalia. Akaniacha nilie. Halafu, kwa kuwa ni mama, akasema, "Lakini kuniongopea siku ya Idi, hilo nimelisikia." Nikamwomba radhi. Akanipa. Kisha akauliza, "Sasa unauza nini?" Nikamwambia maandazi. "Unatia iliki?" Nikamwambia hapa iliki ghali. Akasema, "Nitakuletea." Wiki mbili baadaye kifurushi kikafika kwa basi la Mbeya, iliki ya shamba, imefungwa kwenye kipande cha kanga yake ya zamani.

Sitawaambia kila kitu kimerudi, maana hakijarudi. Mtaji haujafika nusu ya ule. Mmoja tu kati ya wale kumi na mmoja alirudi, akaniwekea shilingi 40,000 mkononi bila kuniangalia usoni, nikampa andazi na chai. Bado nakaanga kwenye baraza la jirani, sasa nimeongeza chapati na supu. Daftari lipo, lakini ukurasa wa kwanza nimeandika kikomo: mtu mmoja, siku tatu, basi. Na sokoni napita mbele, palepale kwenye mlango nilioufunga.

Simu ya mama ikiita naichukua. Hilo pekee nalihesabu ni kufika mwisho wa mbio, na kama nilikuwa wa mwisho, na giza limeshaingia, haidhuru.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu unageuza simu akipiga, sikwambii uwe bingwa wa dunia. Nakwambia mpigie. Anza na neno la kweli hata kama sauti inatetemeka. Mola atufanyie wepesi sote, atupe subira ya kuanguka na nguvu ya kuinuka, na awahifadhi mama zetu walio hai na awarehemu waliotangulia. Amin.

Tuonane tena, inshallah. Safari ijayo nitawapa maandazi ya iliki, vipimo kamili, kama mama alivyonisahihisha.